Sailensa haikai: maswali ya wasomaji kuhusu injini za kabureta

Barua nyingi za safari hii zinahusu jambo moja, injini ya gari la zamani inayotetemeka, kumisi (kuruka mipigo) au kuzima ikiwa sailensa, yaani ikizunguka polepole bila kukanyagiwa mafuta. Jibu la kwanza ni refu kuliko mengine kwa sababu mpangilio wake wa kazi ndio tunaoutegemea katika majibu yote yanayofuata.

Nina Volkswagen Beetle ya 1972, injini ya 1600, kabureta ni Solex 34 PICT-3. Asubuhi inawaka na kutulia. Ikishapata moto sailensa haikai: inatetemeka, na nikisimama njia panda inazima. Nikikanyaga mafuta inatulia, na barabarani inakimbia bila shida. Mafundi wawili wameshaichezea kabureta, kila mmoja akazungusha skrubu zake. Nianzie wapi?
*Msomaji, Tanga*

Ndugu yetu, anza kwa kuiacha hiyo kabureta (kifaa kinachochanganya mafuta na hewa) ilivyo. Injini ikiwa sailensa huvuta hewa na mafuta kidogo sana, kwa hiyo kasoro ndogo isiyosikika barabarani hujitokeza hapo: vali iliyobana (isiyobakiwa na nafasi ya kutosha), pointi zilizolika (vipande vya distributa vinavyokata umeme ili plagi itoe moto), au ufa kwenye mpira wa manifoldi (mabomba yanayopeleka hewa na mafuta kwenye silinda). Ukizungusha skrubu kabla ya kuondoa kasoro hizo, unauficha ugonjwa na kuongeza wa pili. Anza na vali, kisha moto wa plagi, kisha hewa inayovuja. Kabureta iwe ya mwisho.

Barua yako ina kidokezo kizuri: inatulia ikiwa baridi na kusumbua ikipata moto. Injini ikiwa baridi, choki huongeza mafuta, na mafuta hayo ya ziada hufidia hewa inayoingia kwa wizi au jeti (tundu dogo la kupitisha mafuta) iliyoziba nusu. Choki ikifunguka, pengo linabaki wazi. Kwa hiyo tunashuku zaidi uvujaji wa hewa au jeti ya sailensa. Hata hivyo usiruke hatua, maana vali iliyobana nayo huonyesha dalili hiyohiyo.

Kwanza jua ni silinda ipi isiyofanya kazi. Zima injini, chomoa waya wa plagi moja, uuchomeke kwenye plagi ya akiba uliyoifunga kwa waya kwenye chuma cha injini, kisha washa. Usiuache waya ukining'inia hewani. Moto unaokosa njia unaweza kuharibu koili na rota, na unaweza kukupiga wewe. Mizunguko ikishuka, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Isipobadilika, umempata mgonjwa. Rudia kwa zote nne. Kwenye Beetle, ukiwa umesimama nyuma ya gari na kutazama mbele, namba 1 na 2 ziko kulia (1 ndiyo ya mbele), na 3 na 4 ziko kushoto. Zikilegea mbili za upande mmoja, nenda moja kwa moja kwenye manifoldi ya upande huo.

Vali hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, gari likiwa limelala usiku mzima. Nafasi kati ya vali na mkono unaoisukuma ni 0.15 mm kwa zote, za kuingiza na za kutoa. Fungua kifuniko cha distributa, zungusha puli ya krenki kwa spana hadi rota ielekee kwenye alama ndogo iliyochongwa ukingoni mwa distributa na alama ya puli ilingane na mstari unaogawa bloku. Hapo rekebisha vali mbili za silinda namba 1. Kisha rudisha puli kinyumenyume nusu mzunguko, ufanye namba 2, nusu nyingine namba 3, na nusu nyingine namba 4. Moto wa plagi kwenye injini hii unafuata mpangilio wa silinda 1-4-3-2, ndiyo maana ukirudi nyuma unazipata silinda kwa kufuatana. Filageji (bamba jembamba la kupimia nafasi) ipite kwa kukwaruza kidogo. Kaza nati ya 13, kisha pima tena, kwa sababu nati ikikazwa hubadilisha kipimo.

Vali ya kutoa ya injini hii ikichoka, nafasi yake hupungua badala ya kuongezeka. Wengi hufurahi milio ya tapeti (nafasi za vali) ikinyamaza, kumbe vali haikai tena vizuri kwenye siti (mahali inapofungia), inavuja kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) na kuungua. Namba 3 ndiyo ya kuangaliwa sana, hasa kwenye injini za kabla ya 1971, ambazo kipoza oili chake kiko ndani ya njia ya hewa inayopoza silinda hiyo. Ukiikuta vali ileile imebana tena baada ya kilomita elfu chache, acha kuirekebisha. Hedi ifunguliwe kabla kichwa cha vali hakijakatika na kuangukia pistoni.

Kwenye moto, pointi ziwe 0.40 mm, zipimwe kisigino kikiwa juu kabisa ya kona ya kamu. Plagi ziwe 0.7 mm. Rekebisha pointi kwanza ndipo ushike taiming (wakati wa plagi kutoa moto), kwa kuwa ukibadilisha nafasi ya pointi umeibadilisha na taiming. Shika shafti ya distributa uitikise kwa pembeni. Ikicheza, nafasi ya pointi inabadilika kila kona na hakuna kipimo kitakachokaa. Pointi mpya zikiungua haraka na kuwa na kilima upande mmoja na shimo upande wa pili, badilisha kondensa (kifaa kidogo kinachozilinda pointi zisiungue). Kwa ninyi mnaokaa pwani, angalieni pia ndani ya kifuniko cha distributa. Unyevu wa chumvi huotesha ukungu wa kijani kwenye vituo vya shaba na kuacha njia nyembamba za moto kati ya kituo na kituo, zinazoonekana ukikigeuza kifuniko mwangani.

Taiming inategemea distributa uliyonayo. Yenye hosi mbili za vakyumu (mvuto wa hewa ya injini) huwekwa nyuzi 5 baada ya pistoni kufika juu, hosi zote zikiwa zimeunganishwa. Yenye hosi moja mara nyingi huwekwa nyuzi 7.5 kabla ya kufika juu, hosi ikiwa imechomolewa na kuzibwa. Fundi akiweka moja kwa kipimo cha nyingine, sailensa haitakaa hata kabureta iwe mpya.

Sasa hewa. Injini yako ina manifoldi ya vipande vitatu, na kati ya bomba la katikati na vipande vya pembeni kuna mikono miwili ya mpira. Mipira hiyo hukauka na kupasuka upande wa chini, usikoonekana kwa macho, kwa hiyo pitisha kidole. Njia salama ya kupima ni chupa ya kunyunyizia maji: injini ikiwa sailensa, nyunyiza kidogo kwenye mipira, kwenye gasketi chini ya kabureta, kwenye viungo vya manifoldi na hedi, na kwenye shafti ya kipepeo cha mafuta (bamba linalofunguka ukikanyaga mafuta). Mlio ukibadilika kwa sekunde moja au mbili, umepata tundu. Usitumie petroli, maana ekzosi iko karibu na petroli haisamehi. Shafti ya kipepeo ikicheza kwa kuonekana, fundi wa kuchonga vyuma ataitilia bushi mpya. Skrubu haitakusaidia hapo.

Yote hayo yakiwa safi, ndipo tunaigusa kabureta. Washa swichi bila kuwasha injini, chomoa waya wa vali ya umeme inayokata mafuta ya sailensa, ukiugusisha tena usikie "tak". Usiposikia, angalia umeme wa waya huo, kisha vali yenyewe. Toa jeti ya sailensa uipulize kwa hewa ya kompresa. Usiichokonoe kwa waya, tundu lake ni dogo mno na ukilipanua umeliharibu kabisa. Hakikisha bamba la choki limesimama wima injini ikiwa na moto.

Kisha rudisha skrubu zote tatu mahali pake. Ile ya juu kwenye mkono wa kipepeo ilegeze hadi iachie, iingize mpaka iguse hatua ya chini kabisa ya kamu ya choki, ongeza robo mzunguko, usiiguse tena. Hiyo siyo skrubu ya mizunguko kwenye kabureta hii, na nusu ya Beetle zenye sailensa mbovu zimeharibiwa hapo. Skrubu ndogo ya pembeni ni ya mchanganyiko: iingize polepole hadi ikae, bila kuibana, uitoe mizunguko miwili na nusu. Skrubu kubwa iliyo karibu nayo ndiyo ya mizunguko. Washa, ipashe moto injini, weka 850 kwa dakika kwa skrubu kubwa. Toa ndogo taratibu hadi mizunguko ifike juu kabisa, irudishe ndani mpaka ishuke kwa 20 hadi 30, kisha sawazisha kwa ile kubwa.

Ukiizungusha skrubu ndogo na injini isijali kabisa, ama kipepeo kimefunguliwa mno, ama kuna hewa bado inaingia, ama njia ya sailensa imeziba.

Nimehamisha Peugeot 504 ya kabureta kutoka Mombasa kuja Nairobi. Kule ilikuwa sawa. Huku sailensa inapanda na kushuka, ina harufu ya petroli, na plagi zimekuwa nyeusi kama masizi ya jikoni. Fundi anasema injini imechoka kwa sababu kompresheni imeshuka.
*Msomaji, Nairobi*

Dada yetu, usiifungue injini kwanza. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 16. Kabureta iliyopangwa pwani haijui hilo. Inaendelea kutoa mafuta mengi kuliko hewa iliyopo, na mchanganyiko unakuwa mzito kwa asilimia 8 au 9. Ndiyo maana unaona masizi na kusikia harufu.

Kompresheni nayo hushuka kwa sababu hiyohiyo. Shinikizo la hewa la Nairobi ni pungufu kwa karibu moja ya tano, hivyo kipimo chochote utakachopata ni pungufu kwa kiasi hicho. Cha kutazama ni tofauti kati ya silinda na silinda. Zikiwa karibu sawa zote nne, injini yako ni nzima. Geji ya vakyumu vilevile: pwani injini nzima husoma kati ya inchi 17 na 21, na hupungua inchi moja kwa kila mita 300 unazopanda. Inchi 13 iliyotulia, kwa Nairobi, si ugonjwa.

Kabla ya kupunguza mafuta, ondoa vitu vingine vinavyofanana na kupanda mlima: chujio cha hewa kilichojaa vumbi la safari, choki ya mkono isiyorudi mpaka mwisho, na sindano ya floti (boya linalodhibiti mafuta ndani ya kabureta) iliyolika. Pima pia vali, injini ikiwa baridi: za kuingiza 0.10 mm, za kutoa 0.25 mm. Pointi 0.40 mm, plagi 0.6 mm. Kumbuka kuwa kwenye injini hii silinda namba 1 iko upande wa flaiwili, nyuma, si upande wa feni. Moto unakwenda 1-3-4-2, na kwa mpangilio huo hata ukihesabu kutoka mbele mfuatano unabaki uleule, ndiyo maana mafundi wengi hawagundui. Lakini ukiandika vipimo vya kompresheni kwa kuhesabu kutoka mbele, utafungua silinda isiyo na kosa.

Baada ya hapo, ingiza skrubu ya mchanganyiko robo mzunguko kila mara, huku injini ikiwa na moto, hadi sailensa itulie. Ikiwa utakaa Nairobi, tafuta jeti kuu ndogo kwa namba moja au mbili kuliko iliyopo, kwa sababu skrubu inasahihisha sailensa tu, haifiki barabarani. Jeti ya zamani ihifadhi ndani ya gari. Siku ukishuka Mombasa na jeti ndogo, mchanganyiko utakuwa mwepesi, na mchanganyiko mwepesi kwenye mwendo mrefu wa joto huunguza vali.

Land Rover Series III ya petroli, 2.25, inamisi ikiwa sailensa tu: puf, puf, puf kwenye ekzosi, kwa mpigo uleule. Plagi, pointi, kondensa na waya ni vipya vyote. Nikifika mizunguko 1,500 haisikiki tena.
*Msomaji, Morogoro*

Mzee wetu, mpigo unaorudi kwa kipimo kilekile ni wa silinda moja, na ukishabadilisha vifaa vyote vya moto, fikiria vali. Mwendo ukiongezeka, muda wa kompresheni kuvuja unakuwa mfupi, ndiyo maana kasoro inanyamaza.

Tafuta silinda hiyo kwa njia tuliyoieleza kwa msomaji wa Tanga. Kisha pima kompresheni: injini iwe na moto, plagi zote nne zitolewe, waya wa koili uchomolewe, mtu akanyage mafuta mpaka chini ili hewa iingie yote, na stata izungushe injini mara tano au sita kwa kila silinda. Andika. Silinda iliyo chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 15 ina tatizo. Mimina kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi, upime tena. Kipimo kikipanda sana, ni ringi za pistoni. Kikibaki palepale, ni vali. Zikiwa chini silinda mbili zinazopakana, gasketi ya hedi imeungua kati yao.

Kabla ya kuhukumu vali, pima tapeti, kwa kuwa vali iliyobana itatoa dalili hizi zote na tiba yake ni nusu saa. Zote ni 0.25 mm. Kuna njia rahisi isiyohitaji kutazama alama: hesabu vali kutoka mbele, 1 hadi 8. Vali namba 8 ikiwa imezama chini kabisa, rekebisha namba 1. Ikizama 7, rekebisha 2. Ikizama 6, rekebisha 3. Jumla ni 9 kila mara. Ukikuta nafasi za vali za kutoa zinafungika mara kwa mara, siti zinalika. Petroli yenye risasi, iliyokuwa inazilinda siti hizo, iliondolewa sokoni katika nchi za kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006. Ukifungua hedi, mwambie fundi aweke siti ngumu za vali za kutoa, asiishie kuzisaga zilizopo.

Kama gari lako lina busta ya breki (kifaa kinachoongeza nguvu ya breki), bana hosi yake kwa koleo laini huku injini ikiwa sailensa. Ikitulia, busta au hosi inavuja hewa na injini haina kosa.

Kompresheni ikiwa nzuri kote, rudi kwenye kabureta ya Zenith 36 IV. Ugonjwa wake unajulikana: kifuniko cha juu hupinda kwa kukazwa kupita kiasi, na mafuta yanapita mahali yasipotakiwa, mchanganyiko unakuwa mzito sailensa na skrubu haisaidii. Kiweke juu ya kioo kinene. Kikicheza, bandika msasa wa maji kwenye kioo hicho ukisugue kwa mwendo wa nane hadi uso wote ung'ae sawa. Weka gasketi na oringi mpya, na kaza skrubu kwa kuvuka, kidogo kidogo.

Datsun 1200 yangu nikizima swichi inaendelea kujizungusha yenyewe kwa sekunde kadhaa, ikipiga kelele. Fundi aliongeza sailensa kwa sababu ilikuwa inazima.
*Msomaji, Unguja*

Hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Sailensa ikiwa juu, kipepeo kinabaki wazi, na ukizima swichi injini inaendelea kuvuta hewa na mafuta, masizi yenye moto ndani ya silinda yanafanya kazi ya plagi. Irudishe hadi 700 kwa dakika, kisha utibu kilichoifanya izime: tapeti 0.35 mm injini ikiwa na moto, pointi kati ya 0.45 na 0.55 mm, taiming isiwe imechelewa. Kimo cha mafuta utakiona kwenye kidirisha cha kioo cha kabureta, kilingane na alama. Kama kabureta yako ina vali ya umeme ya kukata mafuta, ipime kama tulivyoeleza kwa Beetle.

Nina Morris Minor 1000 yenye injini ya 1098 na kabureta ya SU HS2. Tangu petroli ya kawaida hapa ibadilike, sailensa imekuwa ya kutetemeka, na chini ya kabureta kuna unyevu.
*Msomaji, Birmingham*

Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ya 95 huko Uingereza ni E10, yaani ina ethanoli hadi asilimia 10. Ethanoli ina oksijeni ndani yake, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mwepesi kidogo, na injini ya zamani iliyokuwa tayari inapungukiwa mafuta inaonyesha hilo sailensa. Tumia ile ya 97 au zaidi, ambayo kwa kawaida bado ni E5.

Baada ya kujaza, pima upya. Tapeti 0.30 mm injini baridi, plagi 0.025 ya inchi, pointi 0.015. Angalia oili ya dampa juu ya kabureta, kisha inua pistoni ya SU kwa kipini cha chini, milimita 0.8 tu, injini ikiwa na moto. Mizunguko ikipanda na kubaki juu, mafuta ni mengi. Ikianguka palepale, ni machache. Ikipanda kidogo kwa muda mfupi na kurudi, umefika. Nati ya jeti chini ya kabureta ndiyo ya kurekebishia: ukiishusha unaongeza mafuta, ukiipandisha unapunguza, pande moja la nati kwa wakati.

Unyevu usiupuuze hata siku moja. Ethanoli hulainisha mipira ya zamani kutoka ndani, na hosi inaweza kuonekana nzima kwa nje huku ikiachia mafuta juu ya ekzosi. Badilisha kila kipande cha mpira kutoka tangi hadi kabureta kwa hosi iliyoandikwa SAE J30 R9, na ubadilishe pia bomba jembamba linalotoka chini ya bakuli la floti kwenda kwenye jeti, pamoja na sili yake. Kwenye HS2, unyevu wa chini mara nyingi unatoka hapo.